Masika ya Kivumbasi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za masika zimeanza leo mchana, na Elikana, mwenye mtambo, ameanza kuniuliza kila saa kama majani yatakauka. Nadhani anaona mimi ndiye ninayefungua bomba la mbinguni. Naandika humu kwa sababu Ditram, fundi mwenzangu, amesema hataki kusikia malalamiko yangu kabla ya chai, na baada ya chai pia hataki.

Basi niandike. Kazi yetu ni kutoa mafuta ya kivumbasi, jani lile lile ambalo bibi zetu waliliweka chini ya kitanda kufukuza mbu. Wengine huyatoa kwa mvuke, wakapata mafuta yenye harufu ya mboga iliyopikwa. Sisi hapa Mikumi tunatumia gesi, hiyo hiyo inayotoa mapovu kwenye soda. Unaibana ndani ya mtungi wa chuma mpaka presha yake inapita ya tairi la semitrela zaidi ya mara kumi, unaipa joto kama la mtoto mwenye homa, nayo inageuka kitu ambacho si hewa wala si maji. Inapenya jani kama hewa na kuyeyusha mafuta kama petroli. Ukiilegezea, inaruka na kwenda zake, mafuta yanabaki yakinukia jani lililovunjwa sasa hivi. Hii ndiyo kazi pekee ninayoipenda duniani, ila watu wananiharibia.

Majani yanatoka kwa vikundi viwili. Kimoja ni cha akina mama wa kanisani kwetu Munisagara, huko Kilosa, na mwenyekiti wake ni mama yangu mzazi, Perpetua. Kingine ni cha wanawake wa Kimasai wanaochuma kivumbasi cha porini kwenye malisho yao, na kiongozi wao ni Namayiana. Wote niliwafundisha mwenyewe: kausheni kivulini, mahali pakavu, jua lisiguse, mvua isiguse. Sikuona cha kuongeza.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Gari la Kilosa limekwama. Nimegombana na Ditram kwa sababu ya spana.

Jumanne, 11 Machi

Namayiana ameleta magunia kwa pikipiki, yamefunikwa turubai vizuri kuliko alivyojifunika yeye. Ni mtu mzima, anaweza kuwa mkubwa kwa mama yangu, na wote hapa humwita Mama Lenku kwa jina la mwanawe. Mimi humu namwita Namayiana. Nilipomwona anaingia niliwasha pampu, na shikamoo yangu ikapotelea kwenye makelele. Nafanya hivyo kila anapokuja, na sioni aibu.

Aibu ya nini? Msimu wa juzi ng'ombe wao waliingia shambani kwa mama, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba, wakala mpaka mstari wa mwisho. Si ng'ombe wake yeye, Ditram anasema. Kwani ng'ombe wana vitambulisho?

Nilipekua majani. Yana unyevu kidogo katikati ya gunia.

"Haya hayajakauka," nikamwambia.

"Mvua ipo, binti. Tumeyatundika kwenye banda la ndama, ndama tumewatoa. Hapana mahali pengine."

"Kwa hiyo tunakamua na mavi ya ndama?"

Ditram akakohoa. Namayiana alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize kupiga chafya, akaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Magunia ya mama yamefika na basi la Kilosa. Nimempigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Mama huanza hivyo hata kama nyumba inaungua. Nikamwambia majani yake yamekauka mpaka yanavunjika vidoleni, kwamba hata kiangazi hatujapata majani makavu hivi. Akacheka, akasema kikundi chake hakina mchezo. Kanisani sasa wanampisha kiti cha mbele, na mchungaji alimtaja kwa jina Jumapili iliyopita kuwa amewapa wanawake kazi ya heshima. Mama yangu aliyekuwa akivaa kandambili hadi kwenye misiba! Nilijisikia vizuri siku nzima.

Ditram alichukua jani moja, akalinusa, akauliza, "Huko kwenu mvua hainyeshi? Mama yako anaanikia wapi?"

"Mama yangu anajua usafi," nikamjibu.

"Sijauliza usafi. Nimeuliza wapi."

Ditram ni mtu wa kuchokonoa. Nikamtuma akakaze nati.

Jumatano, 19 Machi

Tumekamua. Magunia ya pande zote mbili tumeyachanganya kwenye mtungi, kama kawaida. Mafuta yametoka ya kijani yanayoelekea dhahabu. Niliyaangalia mpaka Elikana akaniuliza kama nataka kuyaoa.

Jumatatu, 24 Machi

Mto Mkondoa umefurika huko Kilosa. Mama anasema kwake ni salama, ila ukungu umeota hadi kwenye Biblia.

Jumatano, 2 Aprili

Siku mbaya. Mnunuzi wetu wa Dar, anayetengeneza mafuta ya kupaka ya kufukuza mbu, amerudisha mafuta yote. Amepima akakuta sumu ya kuulia wadudu. Watoto wanapakwa yale mafuta mashavuni. Elikana alinisomea jina la sumu kwenye simu, akasema mnunuzi anatupa nafasi moja tu. Tukikosea tena, anaondoka na mtambo unafungwa.

Tatizo la gesi yetu ni kwamba haichagui. Inabeba mafuta na kila kinachopenda mafuta. Gunia zima la majani linaishia kwenye kikombe kimoja, na sumu iliyotapakaa gunia zima inaishia kwenye kikombe hicho hicho. Jani ambalo ng'ombe angelila bila hata kukohoa, kwetu linageuka balaa.

"Kikundi kimoja lazima kitoke," Elikana akasema. "Kipi?"

"Wamasai," nikasema. Sikufikiri hata kidogo. "Hiyo sumu ni ya jamii ya dawa za kupe. Wanaogesha ng'ombe kila wiki. Mikono ile ile, ndoo zile zile, banda lile lile."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kwa nini nisiwe na uhakika? Nimesomea.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumemwita Namayiana, tumemwambia uani, watu wakiwa wanapita barabarani. Elikana aliongea kwa kuzungukazunguka, ikabidi nimsaidie. Nikasema majani yao yana dawa ya kupe na hatuyataki tena.

"Umeona dawa hiyo kwenye majani?" akaniuliza.

"Imepimwa Dar."

"Yamepimwa mafuta. Mafuta yalikuwa yangu peke yangu?"

"Mnaogesha ng'ombe au hamuogeshi?"

"Tunaogesha ng'ombe. Hatuogeshi majani."

Kijana mmoja wa bodaboda akacheka. Nikakasirika, nikamwambia Namayiana kwamba watu wanaoshindwa kuangalia ng'ombe wao wasiingie kwenye shamba la mtu hawawezi kuangalia jani. Ilinitoka yote, kwa sauti. Hapo hakuna aliyecheka.

Aliokota magunia yake matupu, akayakunja moja moja, taratibu, kama nguo za kanisani. Kisha akanisogelea.

"Nimekuja hapa tangu kiangazi, binti. Hujaniamkia hata siku moja nikasikia. Nilidhani ni pampu."

Akaondoka kwa miguu kwenye matope. Nilitegemea kujisikia mshindi. Nilijisikia njaa tu, nikala chipsi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Ditram ananisalimia kama karani wa benki. Afadhali.

Jumatano, 16 Aprili

Tumekamua majani ya mama peke yake. Sampuli imekwenda Dar na basi la asubuhi. Elikana amesema kikundi cha mama ndicho kitabaki, na baada ya Pasaka atawaita Mikumi awapongeze rasmi. Mama nilipomwambia alianza kuimba. Kesho kutwa naenda nyumbani.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Naandika nikiwa Munisagara, mezani kwa mama.

Nilifika na bodaboda kutoka Kilosa, tukiisukuma zaidi ya kuipanda. Nimepakaa tope hadi masikioni. Mama alinipokea kwa shangwe, akanivua viatu kama mtoto, akanipeleka jikoni nikaote moto. Jiko letu ni la nje, la udongo, na juu ya mafiga kuna dari la miti tunapowekea mahindi ya mbegu ili moshi na joto viyatunze. Kila nyumba huku ina dari kama hilo. Nimekua chini yake.

Nikaketi na kupiga chafya. Nikapiga tena.

"Bado unapiga chafya kama ulivyokuwa mdogo," mama akasema akicheka. "Ukiingia tu jikoni."

Nikainua macho. Katikati ya fito nikaona majani ya kivumbasi yakining'inia. Dari zima limejaa kivumbasi, kimetandazwa juu ya magunia, na magunia yako juu ya mahindi ya mbegu. Na mahindi ya mbegu kila mwaka mama huyapaka dawa ya unga dhidi ya dumuzi, mdudu anayetoboa punje, anayamwagia kwa mkono na kuyageuza kama unga wa maandazi. Unga ule ndio ulionipigisha chafya miaka yote. Nilikuwa nauona sasa hivi kwenye mwanga wa mlango, unashuka polepole.

Dawa za kupe na dawa za dumuzi ni ndugu. Nilifundishwa hilo darasani, na siku ile Elikana aliposoma jina kwenye simu nilikumbuka ndugu mmoja tu.

"Mama, mmekausha majani hapa?"

"Sasa nikakaushe wapi? Si ulisema kivulini, pakavu, jua lisiguse, mvua isiguse? Masika hii nionyeshe kwangu mahali pakavu zaidi ya darini."

"Na wenzako?"

"Wote darini. Niliwaelekeza mimi. Nikasema Monica ameagiza."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na gesi, nikarudi kwenye mnunuzi, nikamaliza na Namayiana. Mama alikuwa anachochea moto na hakuacha kuchochea.

"Lakini nimetandika magunia," akasema. "Dawa haijagusa majani."

"Inapita, mama. Ni unga. Ukigeuza mahindi unaruka."

"Tunayala hayo mahindi?"

"Hayo ni ya mbegu."

"Basi hakuna aliyekufa."

Nikamwambia itabidi nimwambie Elikana. Hapo ndipo aliposimama. Mama yangu si mtu wa kupaza sauti, na hakupaza.

"Yule Mmasai ameshaondoka?"

"Ameondoka."

"Basi ameondoka. Sisi tutaanika pengine, mahindi yatabaki peke yake, mafuta yatakuwa safi. Nani ataumia? Unataka nisimame kanisani niseme nini? Kwamba nimewapaka watoto wa watu sumu mashavuni? Iache, Moni. Mimi nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu."

Ni kweli, hajawahi. Nimekaa hapa mezani nikitafuta hata mara moja na siipati. Ninamchukia Namayiana leo kuliko siku zote, kwa kuwa hana kosa.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Mama amekaa kiti cha mbele. Nimeshindwa kuimba.

Jumatano, 23 Aprili

Nimerudi Mikumi. Majibu ya Dar yamefika: mafuta ya majani ya mama peke yake yana sumu maradufu ya yale ya kwanza. Mnunuzi amesema bado hajapokea mzigo, ilikuwa sampuli tu, hivyo nafasi yetu ipo.

Nikafungua mdomo. Elikana akaniwahi.

"Nimeelewa," akasema. "Sumu ya wale Wamasai imebaki kwenye mabomba. Imeganda humo. Osheni mtambo."

Ni uongo usiowezekana. Sumu iliyobaki kwenye bomba haiwezi kuzidi ile iliyopita. Mtoto wa sekondari angemcheka. Lakini alinipa uongo huo mkononi, ukiwa tayari umefungwa vizuri, na nikasema, "Sawa, bosi."

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeosha mtambo ambao tayari ni safi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeuosha tena. Ditram alisimama mlangoni akiniangalia nikisugua vali inayong'aa.

"Dada Moni," akasema, "unatafuta nini humo?"

Nikamwambia aondoke.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama amekuja na wanawake wawili wa kikundi. Wamevaa vitenge vya sare, walivyoshona kwa ajili ya Pasaka. Elikana alikuwa ameweka viti uani, soda, na biskuti kwenye sahani. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na watu wa barabarani wakasogea kuangalia.

Elikana akaanza hotuba. Akasema akina mama wa Munisagara ni mfano, kwamba wapo watu waliotuchafulia mafuta kwa dawa za mifugo lakini tumewaondoa, na mtambo umeoshwa. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Nikafikiri, akiniangalia nitanyamaza. Hakuniangalia.

"Si Wamasai," nikasema.

Elikana akadhani nimekosea. Nikarudia. Nikasema sumu ni dawa ya dumuzi, imetoka kwenye madari ya jikoni kwetu, kwamba mimi ndiye niliyewaambia wakaushe kivulini bila kuwaonyesha wapi, na kwamba nimelijua hilo tangu Ijumaa Kuu na nikaosha mtambo siku mbili nikijifanya kutafuta.

Mmoja wa wale akina mama aliweka soda chini taratibu. Elikana akageukia upande wa mama yangu, kwa adabu, akauliza, "Mama, ni kweli?"

"Muulize yeye," mama akasema. "Ndiye anayejua kila kitu."

Akasimama. Akafunga kitenge upya. Alipopita karibu yangu aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, na kila mtu akasikia: "Nilikuzaa chini ya dari lile. Masika kama hii."

Hawakungoja hata Ditram awatafutie usafiri. Elikana amesimamisha kikundi chao mpaka wajenge banda la kuanikia, na amenitukana kwa tusi ambalo sitaliandika. Amesema kama Wamasai hawarudi hatutakuwa na jani hata moja, na hapo nitafute kazi ya kuuza vocha.

Jumanne, 29 Aprili

Nimempigia mama. Amepokea. Nikasema shikamoo mama. Amekata.

Ijumaa, 2 Mei

Ditram amenipeleka kwa Namayiana. Alikuwa anaosha vibuyu vya maziwa nje ya nyumba. Hakuna pampu pale.

"Shikamoo, Mama Lenku."

Akaendelea kuosha. Nikarudia. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa. Alipomaliza kibuyu cha mwisho akaniuliza:

"Ulinifukuza mbele ya nani?"

"Uani kwetu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Hapa pana mbuzi. Siku ya mnada njoo uniamkie."

Nikamwambia nina kazi. Akasema yeye pia.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Hakuna majani. Elikana haongei nami, anaongea na mtambo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda mnadani. Ng'ombe, tope, moshi wa nyama choma, wanaume wa Kimasai kwa wakulima wamejaa. Namayiana alikuwa na wenzake upande wa wauza shanga. Aliniona natoka mbali na hakusogea hata hatua. Nikaenda mpaka mbele yake, nikainama kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikasema shikamoo kwa sauti iliyomfanya hata dalali anyamaze. Nikasema majani yao yalikuwa safi, yetu ndiyo yaliyokuwa na sumu, na mimi nilisema uongo bila kujua na baadaye nikijua.

Mkulima mmoja, mtu wa kwetu kabisa kwa lafudhi, akanizomea. Akaniuliza nimelipwa ndama wangapi.

Namayiana aliacha kelele zipite zote.

"Marahaba," akasema. Kisha: "Majani tutaleta. Tutayaweka nje ya geti. Utatoka wewe mwenyewe kuyachukua. Mimi humo ndani siingii tena."

Nilimchukia kwa hilo. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, tena vibaya zaidi.

Ijumaa, 16 Mei

Magunia yako getini. Nimeyabeba peke yangu. Ditram alitaka kunisaidia, Namayiana akamwangalia tu, Ditram akarudi ndani.

Alhamisi, 29 Mei

Mnunuzi amepokea mafuta. Ni safi. Elikana amecheka kwa mara ya kwanza tangu Machi na kumpongeza Ditram.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekwisha, anga ni jeupe na vumbi la malori limerudi. Nimesikia kutoka kwa jirani kwamba mama amerudi kukaa nyuma kanisani, na kwamba kikundi kimekataa kujenga banda. Nilituma ujumbe kwamba nitakuja kulijenga mwenyewe na Ditram. Hakuna aliyejibu. Jirani anasema kivumbasi chote kilichokuwa darini mama alikitupa mtoni, na mahindi ya mbegu akayaacha pale pale.

Nampigia kila jioni nikitoka kazini. Laiti angekuwa hapokei, ningejua la kufanya, ningekasirika nikaacha. Lakini anapokea. Simu haiiti hata mara mbili. Nasikia moto unalia kwenye mafiga, nasikia anapumua. Nasema, "Shikamoo mama." Anasubiri mpaka nimalize, kisha anakata.